Sentensi ya Akiba

Tangu kila mtu avishwe kizibo cha sikio kinachozuia sentensi aliyokwisha kuisikia, hata kuitana chakulani kulihitaji maneno mapya. Makame alipanga yake daftarini mpaka chai ikapoa, na alipofumbua mdomo, mkewe Mize alikuwa ameshatoka. Mize yeye aliamka na mbili tu kila asubuhi, moja ya hatari na moja ya akiba. Nyingine zilimjia papo hapo akisema.

Siku moto wa mafuta ya maandazi uliposhika pazia, jirani alipiga kelele, "Moto! Moto!" Makame, barazani na daftari lake, hakusikia kitu. Asubuhi ile Mize alikuwa ameandaa ya nyoka, akaigeuza hapohapo.

"Baba Rehema, nyoka mwekundu anapanda pazia letu!"

Makame akaja mbio na fimbo. Alipoona miali akaitupa, akanyakua gunia lililolowa, akauzima.

"Mke wangu, wewe ni fundi!" alisema akihema. "Na ile ya akiba je? Leo hukuitumia."

"Ile haibadiliki, miaka yote ni hiyohiyo," Mize alijibu, akizoa majivu. "Ni ya siku nitakayokuwa kitandani, sina tena nguvu za kutunga."