Mali ya Mashavu

Siku hizi tochi haimuliki ovyo. Kile kibao cha saketi kilichomo shingoni mwake, kinachoupima umeme wa betri kabla haujaifikia taa, kinamjua mwenyewe, na mali ya mwenyewe tu ndiyo inayopata mwanga. Wezi wengi wamehamia kwenye kilimo.

Kibao cha tochi ya Bi Mwanaidi kiliungua asubuhi. Fundi Shaame akamchomelea kingine, alichokitoa kwenye tochi kuukuu.

"Kimetumika, dada, lakini mwanga wake utasema mwenyewe."

Bi Mwanaidi akaingia stoo, chumba kisicho na dirisha. Akayamulika masufuria yake: giza. Akalimulika gunia lake la mchele: giza totoro.

"Shaame kaniingiza mjini!"

Alipoielekeza tochi kwenye kona, mbuzi ya kukunia nazi ikang'aa kama dhahabu. Ilikuwa mbuzi ya jirani yake Mashavu, ile ambayo mwaka mzima Bi Mwanaidi amekuwa akiapa kwamba alishairudisha.

Bi Mwanaidi akaangua kicheko. Kumbe kibao kilitoka kwenye tochi ya Mashavu! Mwanamke yule hata takataka zake zinajua kudai.

Mlango ukafunguliwa. "Mke wangu, chakula bado?" aliuliza mumewe, Makame.

Bi Mwanaidi akageuka na tochi mkononi. Makame akawaka, kuanzia kipara hadi nyayo, kuishinda hata ile mbuzi.

Kicheko kikakatika. Bi Mwanaidi akaizima tochi, akaipigapiga kiganjani, akaiwasha tena. Makame akawaka vilevile.

"Vaa viatu, mume wangu," akasema taratibu, akiiokota mbuzi. "Leo namrudishia Mashavu vitu vyake vyote."