Nani Kakushonea?

Gulnar alimtupia Jemimah jicho la haraka, la kusihi, kisha akamgeukia mgeni aliyemuuliza na kusema, "Hili gauni? La Dubai."

Jemimah nusura apaliwe na soda. Dubai gani, jamani! Gauni lile lilikatwa juu ya meza yake ya kulia chakula, kwenye fleti yake ya mtaa wa Jane na Finch, na Gulnar mwenyewe alitoka Unionville mara chungu nzima kuja kulijaribu, akibana pumzi ili zipu ipande. Marinda yale yanayoanzia begani na kumwagika mgongoni hadi chini, hakuna mwingine Toronto nzima aliyejua kuyakunja. Aliyabuni Jemimah kwa akili yake mwenyewe.

Nanyi mnawajua akina mama wetu. Watakupa namba ya daktari, ya wakili, hata ya mganga, lakini ya fundi wa nguo? Thubutu! Ukimtaja leo, kesho ana foleni hadi kwenye lifti, na harusi ijayo unalikuta gauni lako limevaliwa na mwenzio. Kwa hiyo kila mteja alimwapisha Jemimah asimwambie mtu, naye aliapa, maana kodi ya nyumba haingoji. Ndiyo sababu mwaka ule wa 2011, mbunifu hodari kuliko wote mjini alikuwa hajulikani na yeyote.

Lakini leo! Leo moyo wake ulikuwa unamchezea ngoma. Zain, mtoto wa Gulnar, alikuwa anamwoa binti wa Mama Kiprotich, na ukumbi mzima pale Agincourt ulijaa Waismailia na Wakenya, biriani upande huu, chapati upande ule. Na yule mgeni mwenye maswali alikuwa Roshanara, mzaliwa wa Kisumu, ambaye kazi yake ni kulichagulia mitindo mipya duka kubwa la nguo la katikati ya mji. Alikuwa ameyaona marinda kwenye picha za harusi za watu, Facebook, sasa amekuja kumtafuta mwenyewe. Duka linataka kuuza magauni yenye jina la aliyeyabuni. Jina lake! Jemimah alishaliona dirishani, limeandikwa kwa herufi za dhahabu: Jemimah Chepngetich. Yeye alikuwa amefungwa na kiapo, ila wateja hawakufungwa. Alihitaji mmoja tu wa kumtaja.

Roshanara akamwendea Shenaz, mdogo wake Gulnar. "Umependeza, dada! Nani kakushonea?"

Shenaz akatazama kule Jemimah alikoketi, karibu na mlango wa jikoni. "Mama mkwe aliniletea kutoka London."

Mama mkwe wake, aliyekaa palepale na ambaye London hajawahi kuitia machoni, aliangusha sambusa.

Jemimah akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka kulia. Basi, akajipa moyo, amebaki Mama Kiprotich. Wanaimba kwaya moja, tena ni mzee wa kanisa. Huyu hawezi kudanganya mbele ya mchungaji wake!

Mama Kiprotich alipoulizwa alimwangalia Jemimah, akaangalia dari, akamwangalia tena Jemimah.

"Nilijishonea," akasema.

"Wewe mwenyewe?"

"Ni kipaji tu. Bwana asifiwe."

Woi! Mama Kiprotich, ambaye hata kifungo kikikatika anaita watu! Mchungaji akaitikia "Amina" huku akitafuna.

Hapo Jemimah alisimama. Liwalo na liwe, kiapo na kivunjike. Lakini kabla hajapiga hatua, Gulnar alikuwa mbele yake na sahani ya biriani iliyojaa pomoni. "Hujala wewe! Kaa, kaa, ule!" Jemimah akamkwepa. Shenaz akamdaka mkono, akamvuta kwenye dansi, akamzungusha mpaka kilemba kikamziba jicho. Alipojinasua, akiwa hoi, kiti cha Roshanara kilikuwa kitupu.

Alitoka mbio, viatu mkononi, hadi kwenye maegesho ya magari. Baridi ya Oktoba ilimpiga usoni. Roshanara alikuwa ameegemea gari lake, ametulia tuli.

"Samahani, dada," Jemimah akasema, pumzi zikimpaa. "Yale magauni ... Wale wote wamekudanganya. Ni mimi ..." Akasita. Akajiona alivyo, kilemba upande, miguu mitupu, anashindana na maneno ya wanawake watatu wanaoheshimika. Machozi yakamlenga. "Lakini hutaniamini. Sina hata mtu mmoja aliyenitaja."

Roshanara akacheka, akamfungulia mlango wa gari.

"Wamekutaja wote. Kila niliyemuuliza, kabla hajanidanganya, alikutazama wewe kwanza. Haya, ingia usije ukaganda, uniambie unaitwa nani."