Kelele za Upande wa Ukutani

Kila Jumamosi, kwa sheria, kila mtu hulala kwenye godoro la sumaku na kujifunika shuka lililoshonewa koili, vizingo vya waya vya kunasia ishara za mwili, apigwe picha ya ndani ya mwili. Wafiwa husamehewa hadi arobaini ipite. Ya mume wa Bi Nyamizi ilipita Alhamisi, naye Jumamosi akarudi godoroni. Shuka likamwonyesha kivuli kwenye ini.

Fundi Sikujua, aliyeitwa kulikagua shuka, alimkuta ameketi jikoni, mchele mapajani, hauchambuliki.

"Shikamoo, mama. Shuka lilipofunzwa kelele mara ya kwanza, ulilala peke yako?"

"Marahaba. Nilale peke yangu nina mume? Tulilala wote, yeye upande wa ukutani. Na kila Jumamosi vivyo hivyo."

Fundi akashusha pumzi. "Basi ondoa hofu. Kila mwili una kelele zake, ishara ndogo zisizosikika kwa sikio, na koili zilizokaribiana huzisikia kwa pamoja. Shuka huzikariri, kisha huziondoa kwenye picha. Leo limeondoa kelele za mtu ambaye hayupo, likachafua picha yako."

Akamlaza katikati ya godoro, shuka likasikiliza upya dakika mbili, kisha picha ikapigwa tena. Ini lilikuwa safi kabisa.

"Alhamdulillahi!" Bi Nyamizi alicheka hadi machozi, akainuka kumchemshia mgeni chai. Mlangoni akasimama.

"Na zile kelele za mzee, umeziweka wapi?"

"Nimezifuta, mama. Ndiyo maana ini limeonekana safi."