Lini

"Kuna dawa asiyopatana nayo mama?" nesi aliuliza, sindano imeshajazwa.

Mwatime alilijua jina la dawa iliyowahi kumziba mama yake pumzi, nusura afe. Mama, ambaye sasa alilala hajitambui, alikuwa amemfundisha kulitamka kwa kupiga makofi: a-mpi-si-li-ni. Lakini woga ulimkaba, ukamponyoka mkia wa jina tu:

"...lini."

"Lini nini, mwanangu? Sasa hivi!" Nesi akausugua mkono wa mgonjwa kwa spiriti.

 Mwatime akafumba macho, akaanza kupiga makofi kama mtoto wa darasa la kwanza, kofi moja kwa kila silabi, midomo ikicheza tu.

Nesi akaduwaa. Midomo yake ikaanza kuifuata ya Mwatime. "A... mpi..."

Kwenye ncha ya sindano, tone la dawa lilining'inia.