Mama Yuko Langoni

Simu ilitetemeka tena mfukoni Lyuben akiwa juu ya ngazi, bisibisi kaibana kwa meno.

"Mama yuko langoni. Uhakika: asilimia 99."

Akashusha pumzi. Tangu Jumapili mama hapokei simu, na kwa siku mbili nzima kamera haikuwa imemtaja. Jumapili hiyo alimpigia Lyuben katikati ya kazi, kumuuliza tu kama amekula, naye akamfokea: "Mama, usinisumbue kila saa!" Neno hilo lilikuwa likimsuta mpaka leo. Alitaka jambo moja tu: mama apokee simu, naye Lyuben amwombe radhi.

"Amenuna tu," alimwambia Yavor, fundi mwenzake, Mbulgaria kama yeye. "Yuko langoni, mzima kabisa."

"Ananuna kwa kusimama langoni asubuhi yote? Kwa miguu yake ile?"

Kweli, ujumbe ulikuwa ukiingia uleule tangu walipoanza kazi. Walikuwa wakifunga kamera kwenye ghala moja huko Ujerumani, chini kabisa ya ardhi, ambako maneno yalipita kwa shida na picha hazikupita kabisa.

Kamera ya kijijini kwao Lyuben aliifunga mwenyewe, juu ya mlango wa nyumba, ikitazama ua na lango. Chochote kikitikisika uani, hata paka, mtambo unaamka. Unatafuta kila uso ulio mbele yake, unaulinganisha na nyuso ulizofundishwa, kisha unamtumia ujumbe. Uso wa mama aliufundisha kwa picha moja tu, maana bibi huyo aligoma kupigwa nyingine. Alimpa ile ya harusi ya Rositsa, amejifunga kitambaa cha buluu.

"Hii ndiyo niliyotoka vizuri," alisema. "Mkitaka picha yangu kwa lolote lile, ni hii. Sitaki nyingine."

Rositsa, dada yake Lyuben, alikaa mji wa jirani na ndiye aliyekuwa akimpelekea mama kuni na dawa. Siku ile ya kufunga kamera alisimama akitazama nyaya na kucheka kwa hasira. "Kamera haichoti maji, Lyubo. Njoo ukae naye mwenyewe." Waligombana mpaka Lyuben akaifunga namba yake isimpate tena. Hata uso wake hakuufundisha. Mtambo ulimwita mtu asiyejulikana, na Lyuben aliona sawa tu.

Yavor naye alipoambiwa habari ya kamera hiyo alimcheka. "Kule kwetu? Nyuso za marehemu kwenye karatasi za msiba zinazobandikwa malangoni ni nyingi kuliko zinazopita barabarani. Itakosa kazi hiyo."

Simu ikatetemeka. "Mtu asiyejulikana uani."

Ikatetemeka tena. "Mtu asiyejulikana uani." Na tena, na tena. Kisha: "Lango bado liko wazi." Kisha: "Mama yuko langoni. Uhakika: asilimia 99."

Lyuben akateremka ngazi. Mama hakuwahi kuacha lango wazi hata siku moja, kwa ajili ya kuku wake.

"Hebu nione," Yavor alisema, akaichukua simu. "Tisini na tisa? Siku zote anapata ngapi?"

"Sabini. Themanini akiinua uso. Huwa ameinama, kabeba ndoo."

"Mimi hata nisimame wima kama napigwa picha ya pasi, siifikii hiyo. Anaikodolea macho au vipi?"

"Ananitazama mimi," alisema Lyuben. "Wamemvamia. Anasimama pale ili nione."

Kila mtu kwao alizijua habari za matapeli wanaoingia kwa wazee mchana kweupe na kutoka na kila kitu. Yavor hakucheka tena. "Mpigie Rositsa, ndugu yangu. Yeye yuko karibu."

Hata saa ile, Lyuben, mbishi yule, alishindwa kuifungua namba ya dada yake. Alipanda mbio njia ya magari kuelekea mwangani, macho kwenye simu, ambako picha ilikuwa bado duara la kijivu linalozunguka. Sauti ndiyo iliyotangulia kukubali. Akabonyeza kitufe cha kuzungumza kupitia kamera.

"Mama! Ni mimi. Usiogope, ingia ndani ufunge mlango!"

Mnong'ono mwingi uliokuwa uani ukakatika ghafla. Walikuwa wengi, wengi kuliko alivyodhani.

"Nyie, nawaona!" alidanganya. "Kila mmoja wenu namwona. Tokeni kwa mama yangu!"

Hakusikia mtu akitoka. Karibu na kamera mwanamke akaanza kulia, kilio cha kujizuia.

"Usilie, mama. Nisamehe kwa ya Jumapili, nilikuwa mjinga. Nakuja, leo hii naondoka. Baki hapohapo langoni nikuone, usisogee."

Duara la kijivu likaacha kuzunguka.

Ua ulijaa watu waliovaa nyeusi, mishumaa mikononi, wote wameinua nyuso kuitazama kamera, na Rositsa mbele yao amejiziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yao lango lilikuwa limefunguliwa mpaka likalala ukutani, na juu ya ubao wake, ndani ya karatasi yenye ukingo mweusi, mama alikuwa akimtazama, amejifunga kitambaa cha buluu.