Shakwe Aliyeomba Upepo Ukome

Shakwe alipenda manyoya yake yalale sawa, na upepo wa pwani ulimkera. Akaomba dua ukome. Mola akamjibu: bahari ikatulia, maji yakawa vuguvugu. Akashukuru, kisha akaenda kuwatafutia makinda wake dagaa. Hakupata kitu, na makinda walikuwa wanalia njaa.

Mwishowe akamwona Dagaa mmoja amejibanza kwenye ufa wa mwamba.

"Ndugu yangu, wenzako wako wapi? Sogea tuongee."

"Nakusikia vizuri hapa hapa, bibi. Wamefuata maji baridi. Upepo ukipita kandokando ya pwani, maji ya juu husogea mbali na ufuko, na ya chini, yaliyo baridi, hupanda na chakula chetu."

"Na upepo hutoka wapi?"

"Nchi kavu ikichomwa na jua, hewa yake huwa nyepesi, hupanda. Ile nzito ya baharini huja kujaza pengo, njiani ikapinda ikafuata pwani; huo ndio upepo. Sijui nani kaizuia."

Shakwe alijua. Akarudi kiotani, akawaambia makinda kosa ni lake, akaomba upya. Upepo ukaja, ukamtimua manyoya yote, na dagaa wakarudi. Makinda wakala huku wakimcheka mama yao.

Nawe unayesoma, ukipigwa na upepo leo, naomba usiulaani kabla hujajua unamlisha nani.