Zamu Moja Majini

Kila Jumamosi, sajini mstaafu Mwakalobo na jirani yake, mwalimu Chengula, hucheza vita vya kale mezani kwa askari wa bati. Mto ni kitambaa cha buluu, na sheria alizitunga Chengula: kikosi kikiingia mtoni hukaa majini zamu nzima, hakipigi risasi wala hakirudi nyuma. Mwakalobo siku zote huzunguka darajani, akachelewa, akashindwa.

Leo aliwachukua askari wake tisa, akawapanga juu ya kitambaa mmoja mmoja, taratibu, kama anayelaza watoto. Kwenye kilima cha mbao, mizinga ya Chengula iliwaelekea.

"Afande, daraja liko wazi," Chengula alisema. "Wapitishe huko."

"Nimeshawaingiza."

"Basi leo tuilegeze sheria. Warudishe."

"Usiilegeze, mwalimu. Siku ile vitani, vijana wangu nao waliniomba warudi kutoka mtoni, nikakataa." Akamsogezea dadu. "Rusha dadu, tujue wanakufa wangapi."

Chengula aliifumbata dadu mpaka ikaloa jasho. Mwakalobo alikuwa ameinama, akinyoosha mikunjo ya mto kwa kidole kimoja, asije akamwangusha hata askari mmoja.